Kamshafti ya 504 iliyolika Tabora, na oili iliyobeba lawama zote

Gari na wenyewe

Majina nimeyatoa, mtaa nimeubadilisha, na vitu viwili vitatu ambavyo vingefanya watu wa Tabora waseme "aah, huyo si fulani" nimeviacha makusudi. Kilichobaki ndo kilivyotokea. Mi ni fundi injini, niliingia kwenye hiki kisa katikati, injini ikiwa imeshafanyiwa ovahoo (kufunguliwa yote na kufungwa upya) mara moja na imeharibika, kwa hiyo ya mwanzo nimeyapata kwa mwenye gari na kwa fundi wa kwanza, na bahati nzuri maelezo yao hayakupishana sana.

Gari ni Peugeot 504 saluni ya petroli, injini ya cc 1971, toleo la mwishoni mwa miaka ya 70. Waliokuwa wakubwa enzi hizo wanaikumbuka, ilikuwa gari ya mabosi na ya teksi kwa wakati mmoja, na jina lake huku kwetu lilipandishwa na Safari Rally maana 504 ilishinda 1975 ikashinda tena 1978. Mwenye gari ni mzee mstaafu. Gari ilikaa miaka mingi chini ya mwembe, majani yameoza mpaka kwenye mfereji wa chini ya kioo cha mbele, panya wamefanya makazi kwenye siti ya nyuma, alafu msimu mmoja asali ikamlipa vizuri (ana mizinga yake upande wa Sikonge) akasema sasa naifufua.

Kabla ya kwenda mbele lazima nieleze kidogo injini yenyewe maana bila hapo oili haieleweki. Kamshafti ni fimbo inayozunguka yenye nundu, kila nundu ndo kamu. Ya 504 iko chini ndani ya bloku, kamu inasukuma tapeti (kipande kidogo cha chuma kinachokaa juu yake), tapeti inasukuma pushirodi, pushirodi inasukuma rokaamu, ndo vali inafunguka. Zile tapeti ni bapa, hazina rola. Yani chuma cha tapeti kinakaa juu ya kamu moja kwa moja na kinateleza juu yake huku springi ya vali inakandamiza, na sehemu inayogusana ni mstari mwembamba sana. Ndo maana wenye akili zao waliipa tapeti uso wenye tumbo kidogo mno, huwezi kuliona kwa macho, na kamu ikapewa mteremko kidogo, ili tapeti iwe inajizungusha yenyewe kila ikisukumwa na isisagike sehemu moja. Fundi aliyekulia kwenye Land Rover za zamani za 2.25 anaweza asilijue hili kabisa, maana zile tapeti zake zina rola, zinavumilia mambo mengi ambayo Peugeot haivumilii.

Ovahoo ya kwanza na oili ya zawadi

Fundi wa kwanza si mtu wa kubeza. Toyota za siku hizi anazifungua amefumba macho. Alinunua laina na pistoni mpya seti nzima (504 ina laina za maji, yani silinda za kuchomeka zinazozungukwa na maji, huchongi bloku, unabadilisha laina), kranki ikapelekwa Mwanza kusagwa, beringi mpya, gaskiti zote, na kamshafti mpya ikaja kutoka Nairobi. Nairobi bado ndo mahali pa kupata spea za 504 kwa urahisi, kwa sababu Kenya walikuwa wanaziunganisha kwao kwa miaka mingi baada ya Ufaransa kuacha.

Tapeti hazikununuliwa. Hela ilikuwa inaisha na kwa macho zile za zamani zilikuwa zinang'aa. Wakati wa kufungua zilitupwa zote nane kwenye beseni la petroli zioshwe, na wakati wa kufunga zikarudi popote. Hapa naomba msomaji akumbuke hilo beseni, tutarudi.

Sasa oili. Fundi alishanunua SAE 40 ya dumu (namba ni ya uzito wa oili), ile ambayo nusu ya gereji za mjini wanatumia kwa kila kitu. Siku mbili kabla ya kuwasha, kijana wa mzee aliyeko Dar akatuma kwenye basi galoni ya sinthetiki tupu, uzito wa 5W-30, daraja la ubora API SP, bei yake karibu mara tatu ya ile ya dumu. Akampigia baba yake akamwambia hii ndo oili ya kisasa, asikubali kuwekewa hizo za madumu. Fundi akajaribu kidogo, "Mzee wangu, hii nyepesi sana kwa Peugeot." Mzee akamjibu, "Kijana wangu, mwanangu katuma kwa hela yake, nitamwambia nini akiuliza?" Yakaishia hapo, na kiukweli ningekuwa mimi ndo mzee ningesema hivyohivyo.

Siku ya kuwasha mambo hayakunyooka. Injini ilishika, ikakohoa, taimingi ilikuwa imekaa vibaya, wakazima. Wakaigusa distributa, wakawasha tena, maji yakaanza kutoka kwenye rejeta, wakazima. Ikawashwa ikazimwa namna hiyo mara kadhaa, mwishowe ilipokaa sawa fundi akaiacha sailensi, yani inawaka polepole bila kukanyagwa mafuta, karibu saa nzima pale uani "ijizoeshe". Gereji nyingi hapa zinafanya hivyo, ukimaliza ovahoo unaiacha inanguruma polepole mpaka jioni, watu wanakuja kusikiliza, wanapongeza, soda zinanunuliwa.

Kelele

Wiki chache mbele ikaanza tik tik tik juu, upande wa tapeti kava. Fundi akafungua, akakuta vali ya eksozi ya silinda moja gapu yake (nafasi kati ya rokaamu na vali) imeongezeka, akaiseti kwa fila, kile kibati cha kupimia gapu, kwenye robo milimita, kelele ikaisha. Baada ya muda ikarudi. Akaiseti tena. Safari ya Urambo gari ikaanza kukosa nguvu na kuwa na misi, mzee akadhani petroli chafu, akabadilisha kituo, hamna kitu.

Gapu ya tapeti inayojiongeza yenyewe ni habari mbaya siku zote. Vali ikikaa vizuri kwenye siti yake gapu huwa inapungua taratibu, ikiongezeka maana yake kuna chuma kinaisha mahali, iwe rokaamu, pushirodi, tapeti au kamu, na kila ukiseti unakuwa umeficha tu ugonjwa huku chuma kinaendelea kusagika na kuingia kwenye oili.

Mtaani hukumu ilishatoka. Kijiweni walisema oili ya majimaji imeua injini. Wengine wakasema ni feki kutoka Dar. Mzee akaanza kumlaumu mtoto, mtoto akamlaumu fundi, fundi akasema mi nilisema. Gari ikavutwa mpaka kwangu ikiwa katika hali hiyo.

Tulichokuta ndani

Nilianza na oili kabla ya kugusa spana nyingine. Nikaimwaga kwenye karai safi jeupe, nikalipeleka juani. Ilikuwa na vumbi la fedha linalotembeatembea ukitikisa. Nikapitisha sumaku iliyofungwa kwenye nailoni, ikatoka na manyoya meusi. Hiyo ni chuma, maana unga wa beringi haushikwi na sumaku. Filta nikaifungua kwa mkasi wa bati (usikate kwa msumeno, utaongeza vyuma vyako mwenyewe alafu uje useme injini imekufa), nikakunjua karatasi yake, mikunjo imejaa yale yale.

Hedi ikashuka. Kwa wasioijua hii injini, hedi ikishatoka zile laina zibaneni kabla ya kugeuza kranki, zikinyanyuka kidogo tu sili za chini zinavuja na maji yanaingia kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini), utapata kesi ya pili juu ya kesi ya kwanza.

Tapeti tukazitoa moja moja na safari hii kila moja ikaandikwa namba. Tapeti nzima ukigusanisha uso wake na uso wa tapeti nzima nyingine, zinacheza kidogo, kwa sababu ya lile tumbo lao. Tatu kati ya nane hazikucheza. Zilikuwa na kishimo katikati, kidole kinakisikia, na mikwaruzo yake imelala upande mmoja badala ya kuzunguka duara, yani ziliacha kujizungusha zikawa zinakwanguliwa mahali pamoja tu. Kamshafti ilipotoka, kamu tatu zinazokaa chini ya hizo tapeti ncha zake zilikuwa zimeviringika. Na zile tano? Safi. Zina rangi ya kijivu iliyopolishika vizuri, kama kamu inavyotakiwa kuwa baada ya kuzoeana na tapeti yake.

Hapo ndo nilipowaita wote watatu, mzee, fundi wa kwanza, na kijana kwenye simu. Kamu zote nane zilioga oili ile ile siku zile zile. Kama ni oili peke yake ingekuwaje tano zipone?

Oili yenyewe ilikuwa na shida gani

Pamoja na hayo sikuisafisha oili kwamba haina hatia. Oili ile ilikuwa halali, lakiri nzima, nembo za TBS zipo, sijaona dalili yoyote ya ufeki. Shida ni kwamba imetengenezwa kwa injini za aina nyingine.

Kwenye oili ya injini huwa kuna kiungo cha zinki na fosforasi, kifupi chake ZDDP. Vyuma viwili vikisuguana kwa nguvu na joto, kile kiungo kinajenga utando mwembamba juu ya chuma, ule utando ndo unasagika badala ya chuma, alafu unajengwa tena. Kwa tapeti bapa huo ndo uhai. Tatizo fosforasi inapochomeka kidogokidogo inaenda kuharibu yale masega ya kwenye eksozi yanayopunguza sumu ya moshi, hayo hayo ambayo vijana wanayatoa na kuyauza. Kwa hiyo kuanzia daraja la API SM lililotoka 2004, oili nyepesi kama 5W-30 na 10W-30 ziliwekewa kikomo cha fosforasi, isizidi asilimia 0.08. Kabla ya hapo kikomo kilikuwa 0.10. API SP ya 2020 imebaki kwenye 0.08 hiyohiyo. Injini za sasa hazilalamiki, nyingi zina rola na zote zimesanifiwa kwa oili hizo toka mwanzo. Kipengele ambacho watu wengi hawakijui ni kwamba kikomo hicho kiliwekwa kwa oili nyepesi. Oili za 40 na 50 za petroli, kama 20W-50, hazikubanwa kwa kiwango hicho, ndo maana unaweza kukuta 20W-50 ya kawaida ya dukani ina zinki kuliko sinthetiki ya bei mbaya.

Jambo la pili ni uzito. Oili ya 30 ikiwa na joto la nyuzi 100 unene wake ni kati ya 9.3 na 12.5 kwa kipimo cha senti-stoki, ya 50 ni kati ya 16.3 na 21.9. 504 iliundwa enzi ambazo nafasi kati ya beringi na kranki ilikuwa kubwa na oili zilikuwa nzito. Na ile namba ya kwanza yenye W inahusu injini inavyowashwa kwenye baridi. Tabora usiku wa Juni au Julai ukizidi sana ni nyuzi kumi na kitu, mchana wa Oktoba unapita 30, sasa 5W ya nini? Hiyo ni sifa unayolipia kwa ajili ya theluji ambayo Unyanyembe yetu hii ya Tabora haijawahi kuiona.

Oili nne mezani

Kamshafti nyingine iliagizwa Nairobi, safari hii pamoja na tapeti nane mpya, na nikamwambia mzee bila kuzunguka kwamba bila tapeti mpya mi sifungi. Kamu mpya inataka tapeti mpya. Tapeti ya zamani unaweza kuirudisha tu kama inarudi kwenye kamu yake ile ile iliyozoeana nayo, vinginevyo unaoanisha watu wawili wenye ndoa zao.

Kuhusu oili tulikuwa na njia nne na kila mtu alikuwa na ya kwake.

Kijana wa Dar alitaka tuendelee na sinthetiki yake iliyobaki alafu tuongeze chupa ya zinki, kuna za kuongezea zinauzwa. Nilikataa. Hujui oili ina kiasi gani tayari, hujui chupa inaongeza kiasi gani kwenye lita zako, na zinki ikizidi sana nayo inageuka, inaanza kula chuma badala ya kukilinda. Isitoshe wepesi wa oili ungebaki palepale.

Fundi wa kwanza alirudi na SAE 40 yake. Kwa hali ya hewa ya hapa SAE 40 si wazo baya, mababu zetu wameendesha nayo, na ingekuwa kwenye kopo linaloeleza daraja lake ningeifikiria kwa dhati. Ila dumu lile halikuwa na maelezo yoyote ya API zaidi ya "heavy duty" na picha ya lori. Oili isiyosema ni daraja gani siwezi kuijua ina nini ndani, na kamshafti imeshagharimu mara mbili.

Ya tatu ilikuwa 15W-40 ya malori, API CI-4. Hii ilinivuta kweli. Iko kila duka kuanzia Nzega mpaka Kaliua, inaisha haraka madukani kwa hiyo haikai ikazeeka, na oili za dizeli za daraja hilo kwa kawaida zina zinki ya kutosha. Kilichonirudisha nyuma ni kwamba zina sabuni nyingi, yani vile viungo vya kusafisha masizi ya dizeli, na hivyo navyo vinagombania uso wa chuma na zinki. Kwa injini iliyokwisha kuzoeana ningemwaga bila wasiwasi. Nikaiweka iwe ya akiba, mzee akiwa porini akikosa nyingine aweke hiyo.

Tukaishia kwenye 20W-50 mineral (isiyo sinthetiki) ya injini za petroli, API SL, kopo lenye lakiri, kutoka duka ambalo linatoa risiti na ambalo ukirudi na malalamiko utamkuta mwenyewe. Kampuni yake ina karatasi ya vipimo mtandaoni, tukaifungua kwenye simu palepale dukani, zinki imeandikwa, asilimia 0.1 na ushee. Si oili zote zinaandika hilo, na kwangu inayoandika ilishapata maksi.

Kwa nini mineral na si sinthetiki? Kuna mabishano marefu kwamba sinthetiki inachelewesha ringi kukaa kwenye laina, na kuna gari kibao zinatoka kiwandani na sinthetiki na ringi zinakaa vizuri tu. Sikutaka kuingia huko. Oili ya kwanza ilikuwa inaenda kumwagwa baada ya nusu saa, sasa unamwaga ya bei rahisi au ya bei ghali?

Siku ya kuwasha, mara ya pili

Hapa ndo tulitumia muda mwingi kuliko kwenye oili. Njia zote za oili kwenye bloku zilisafishwa kwa brashi na petroli kisha upepo wa kompresa, maana unga wa kamu ya kwanza ulikuwa umeenda kila mahali, na beringi za kranki tukazikuta zina michirizi, nazo zikabadilishwa. Kamu zote na nyuso za tapeti zikapakwa ile pesti nyeusi ya molibdeni. Si grisi ya kawaida, grisi inaweza kuziba filta na haibaki pale inapohitajika. Pampu ya oili ikajazwa oili kabla sampu haijafungwa, filta nayo ikajazwa.

Taimingi iliwekwa injini ikiwa imezimwa, kwa kuhakikisha mara mbili. Kabureta ikajazwa petroli kwa mkono ili staata isizungushe bure, maana kila mzunguko wa staata unafuta pesti ile kwenye kamu. Rejeta ilipimwa presha siku moja kabla. Betri ya lori iliazimwa. Hozipaipu na feni ya nyumbani zikawekwa mbele ya gari. Nia ilikuwa moja tu, ikishika isizimwe.

Ilishika mara ya pili ya funguo. Taa ya oili ikazimika, moja kwa moja tukaipandisha mpaka mizunguko 2,000 kwa dakika, tukiwa na mita ya kuazima ya kupimia mzunguko, tukawa tunaipandisha mpaka 2,500 na kuishusha 1,800 hivi, tunaichezea hivyo kama dakika ishirini na tano. Majirani walitoka kuuliza kama tuna akili, mzee mwenyewe alinishika mkono akasema "baba, utaiua." Inatisha kweli kusikia injini mpya inapigwa hivyo. Ila sababu ipo. Kamshafti ya 504 sehemu kubwa ya ulainisho wake ni oili inayorushwa na kranki na konrodi, kwenye sailensi inayorushwa ni kidogo. Alafu injini ikiwa polepole ndo springi ya vali inaikandamiza ncha ya kamu kwa nguvu zote, mwendo ukipanda uzito wa vali na tapeti unaipunguzia springi kazi pale kwenye ncha. Kwa hiyo sailensi, ambayo kwa masikio inaonekana upole, kwa kamu mpya ndo adhabu kubwa kuliko zote. Fundi wa kwanza alikuwepo, aliuliza swali hilo hilo mara tatu kwa namna tofauti mpaka akaridhika.

Kabla ya kuwasha tulikuwa tumeweka alama ya chaki kwenye kila pushirodi. Tulipoizima baada ya zile dakika, tapeti kava ikiwa wazi kidogo, injini ikizungushwa kwa staata, pushirodi zote nane zilionekana zinajizungusha. Pushirodi ikizunguka tapeti yake inazunguka. Ni kitu cha dakika mbili na sijui kwa nini hakifanywi.

Oili ikamwagwa ikiwa ya moto, filta ikabadilishwa na kukatwa. Kulikuwa na pesti nyeusi na nywele chache za chuma, kawaida kwa mara ya kwanza. Ikawekwa mpya ya aina ile ile, mzee akaambiwa aende barabara ya Urambo, asiende mwendo mmoja, akanyage mpaka 80 aachie ishuke yenyewe na gia, akanyage tena, ili ringi zipate kukandamizwa kwenye laina.

Matokeo

Kwenye kilomita 500 oili ikamwagwa tena, karai jeupe juani, sumaku ikatoka na uchafu kiduchu. Gapu za tapeti zote nane zilipimwa, hazikuongezeka. Baada ya hapo gari imepita msimu mzima wa mvua na kiangazi chake, gapu ziko palepale, oili inapungua kidogo sana kati ya sevisi na sevisi. Mzee anabadilisha kila kilomita 3,000, anaweza kwenda zaidi ila ni gari inayotoka wikiendi na kwenye misiba, oili inazeeka kwa kukaa pia.

Sinthetiki iliyobaki imeenda kwenye Toyota IST ya mpwa wake. Huko ndo kwake.

Uchambuzi: nani alaumiwe kiasi gani

Nikilazimishwa kupanga, tapeti zilizochanganywa naziweka za kwanza. Ushahidi wangu ni zile kamu tano zilizopona. Tapeti ya zamani ina sura ya kamu yake ya zamani, ukiiweka kwenye kamu mpya baadhi zitabahatika kuzunguka na nyingine zitagoma, na zilizogoma ndo zile tatu.

La pili ni saa nzima ya sailensi pamoja na kuwasha na kuzima. Ziligoma kuzunguka, alafu kwa muda mrefu zikawa zinapata oili kidogo chini ya mkandamizo mkubwa.

Oili ni ya tatu. Ilikuwa nyepesi na haina zinki ya kutosha kusamehe makosa hayo mawili. Naamini kwa tapeti mpya na kuwashwa vizuri gari ingetembea nayo muda mrefu tu, japo nisingeichagua. Na upande wa pili, 20W-50 yangu ingewekwa kwenye ovahoo ile ya kwanza, na beseni lile na sailensi ile, nadhani kamu zingekufa vilevile, labda zingechelewa. Kwa hiyo mtu akikuambia gari ya zamani ilikufa kwa sababu ya oili, muulize kwanza tapeti zilitoka wapi.

Kilichofanya kazi kwetu ni kutokubali kuwasha mpaka kila kitu kiko tayari, na kuangalia oili iliyotoka kuliko kubishania inayoingia. Kuchagua oili kwenyewe kulikuwa kazi ya mchana mmoja: tapeti za injini hii ni za aina gani, hali ya hewa ni ipi, kopo linasema daraja gani, na je mwenye gari ataipata tena akiihitaji. Hilo la mwisho watu wanalisahau, unamwandikia mtu wa Tabora oili ya kuagiza nje alafu akikwama Ipole anaweka chochote.

Ambacho hakikwenda vizuri upande wetu ni gharama. Kamshafti mbili, beringi seti mbili, gaskiti mara mbili, kwa sababu ya kuokoa hela ya tapeti nane. Pia sikuwa na njia ya kupima ugumu wa kamshafti ile ya kwanza kutoka Nairobi, kwa hiyo inawezekana nayo ilikuwa laini kuliko inavyotakiwa, siwezi kulifuta hilo kabisa, ingawa zile kamu tano zinanipa moyo kwamba chuma kilikuwa sawa. Na oili sili ya nyuma ya kranki bado inatoa jasho, tone moja kwenye sakafu akilaza gari usiku. Kuna aliyemshauri mzee aongeze uzito wa oili ili ikatike. Nimemwambia aache, sili ikichoka inabadilishwa, na kuibadilisha ni kushusha gia boksi, kazi ambayo amesema itasubiri asali ya msimu ujao.